Wepesi wa Mwenye Mzigo

Shimo tulilichimba nyuma ya nyumba ya bibi, Muheza, mwaka 1991. Nilikuwa na miaka 11. Tulikuwa watoto watatu na jembe moja ambalo mpini wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Jana yake tulikuwa tumekaa kwenye jamvi ndani ya banda la video, jenereta likinguruma nje, tukitazama picha la Kichina ambalo steringi wake alitoka uani akatua juu ya paa la vigae kama mtu aliyeitwa huko juu. Hakukimbia, wala hakukunja goti. Alivuta pumzi, akanyanyuka.

Kijana aliyekuwa akitoza viingilio pale bandani alitupa siri. Wachina, alisema, huanza na shimo. Unachimba la kufika gotini, unajifunga mchanga miguuni, unaruka kutoka humo ukiwa umenyoosha magoti. Ukishaweza, unachimba kidogo tena, unaongeza na mchanga. Siku utakayouvua mchanga, unapaa. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba hakututungia uongo. Zoezi hilo limo kweli katika mapokeo ya Wachina. Kosa lilikuwa letu. Yeye alisema kidogo kidogo, sisi tukachimba mpaka kiunoni siku ileile. Nilijaza mchanga katika soksi kuukuu za mjomba, nikazifunga miguuni, nikaruka. Kidole kilinasa ukingoni, kifundo kikateguka.

Bibi alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. "Pole, mume wangu," aliniambia, "lakini wanaokuwahisha namna hii wana safari gani na wewe?" Babu hakusema neno. Alitazama shimo, akaona kazi imeshafanyika, akapanda mgomba.

Ujuzi ule tulioutaka Wachina huuita qinggong. Qing ni wepesi. Gong ni kazi, na pia ni kile ambacho kazi ya muda mrefu humwachia mtu. Ndiyo gong iliyomo katika neno kung fu. Kwa hiyo hata jina lenyewe halitaji kupaa. Linataja kufanya kazi mpaka uwe mwepesi. Mwaka 1934 Jin Jingzhong alichapisha kitabu cha mbinu 72 za hekalu la Shaolin, na kati ya hizo mimi huvutiwa zaidi na ile ya mtungi. Mwanafunzi hupanda kwenye ukingo wa mtungi mkubwa uliojaa maji, akatembea kuuzunguka. Maji ndiyo yanayoushikilia usipinduke. Akishazoea, maji hupunguzwa kata moja. Anazunguka tena siku nyingi, ndipo inapochotwa kata nyingine. Mwilini naye anabeba mzigo, na mzigo unaongezwa. Inasimuliwa kwamba mwishowe mtungi unakuwa mtupu naye bado anatembea juu yake.

Mwanzo wa zoezi hilo nauamini kuliko mwisho wake. Lakini angalia lilivyopangwa. Mwanafunzi hapewi nguvu yoyote mpya. Anaondolewa msaada, tena kwa kipimo kidogo mno hivi kwamba leo haina tofauti na jana. Anachojifunza ni kukanyaga bila kusukuma pembeni, maana mguu unaosukuma pembeni ndio unaopindua mtungi.

Mwaka 2004 nilikwenda kusoma uhandisi wa ujenzi Zhengzhou, mji mkuu wa mkoa wa Henan. Shaolin haiko mbali na hapo, na kijiji cha Chenjiagou, ambako watu wa ukoo wa Chen hutajwa kuwa ndio waanzilishi wa sanaa ya mapigano ya taijiquan, kimo katika mkoa huohuo. Asubuhi, kabla ya vipindi, nilipita katika bustani ya umma iliyojaa wazee. Wengine walikuja na ndege wao ndani ya vizimba wakavitundika mitini. Wengine walicheza ngoma za redio. Pembeni, chini ya miti, mzee mmoja alikuwa akisimama tu. Magoti yamelegea kidogo, mikono ameizungusha mbele kama aliyekumbatia shina la mti, macho nusu. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha nguo, mfupi, mwenye suruali ya kazi. Nilimwita Laoshi, yaani mwalimu, kabla hajakubali kunifundisha.

Kwa Kichina changu cha kuokoteza nilimuuliza kuhusu qinggong. Niliuliza kama mtu anayeuliza bei. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Simama kwanza." Nikasimama. Miezi mitatu ikapita nikiwa nasimama.

Neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa song, ambalo maana yake ni kulegea, ila si kulegea kwa mtu aliyesinzia. Ni kama kamba iliyofunguliwa fundo: bado ni kamba. Alikuwa akipita nyuma yangu, ananigusa bega kwa kidole kimoja, "Song." Nateremsha bega. Baada ya dakika moja anarudi, bega limeshapanda lenyewe. "Song." Nilishangaa kuona kwamba mabega yangu yalikuwa yameishi karibu na masikio miaka yote, na mimi mwenye mabega sikuwa na habari.

Kisha alinifundisha kuhusu qi. Katika maandishi ya zamani, alama ya neno hilo ina mvuke juu na mchele chini: hewa inayofuka penye chakula kinachoiva. Wenyewe husema qi ni pumzi, na ni uhai, na ni ile nguvu inayotembea ndani ya mwili pale nia inapoiongoza. Makao yake makuu ni dantian, vidole vitatu hivi chini ya kitovu. Katika riwaya za wuxia, yaani za mashujaa wa mapigano, kama za Jin Yong zilizosomwa na mamilioni ya Wachina, shujaa anayetaka kuruka ukuta huivuta qi juu, na mwili unaifuata. Nilitaka hiyo. Mzee akatikisa kichwa. Alinishika tumbo kwa kiganja, akakisukuma chini polepole. Qi ishuke. Ikishuka, kichwa kinapaa chenyewe. Anayeivuta juu kifuani, alisema, huyo ni mti uliong'olewa. Anaonekana mrefu kwa sababu amebebwa.

Sikumwelewa mpaka siku ya mizani. Pale bwenini kulikuwa na mizani ya kupandia, ile yenye mshale. Alinieleza nifanye nini, nikarudi kufanya. Nilisimama juu yake, mshale ukatulia kwenye kilo 68. Nikajaribu kuwa mwepesi kwa kuvuta pumzi, kukaza tumbo, kunyanyua kifua. Mshale ukatetemeka tu na kurudi palepale. Kisha nikayaachia magoti ghafla, kama mtu anayekubali kuanguka. Mshale ukashuka mbio, sijui ulifika 40 au chini ya hapo. Mara nikajizuia nisifike chini, nao ukaruka kupita 68, ukanidai ulichonikopesha, ndipo ukatulia.

Anayetilia shaka na ajaribu nyumbani. Mizani husoma pungufu pale mwili unapokubali kushuka. Anayejikaza aonekane mwepesi hapunguzi hata gramu moja.

Mimi ni mhandisi, na sitasema kwamba qi inashindana na mvutano wa dunia. Anayetaka kuupandisha mwili wake mita 3 lazima aiache ardhi kwa mwendo wa karibu mita 7.7 kwa sekunde. Javier Sotomayor wa Cuba aliruka mita 2.45 mwaka 1993, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyempita. Ukishaiacha ardhi, hakuna pumzi itakayokuongezea kitu. Kila jambo limeshaamuliwa chini, katika ule muda mfupi wa kujikunja kabla ya kuruka. Mwili unashuka, kano za visigino zinavutika kama mpira wa manati, kisha zinarudisha kile zilichopewa. Anayeshuka amekaza misuli yote anajizuia mwenyewe. Ni dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja, gari linanguruma na haliendi. Ndiyo maana naamini mabingwa wa zamani walikuwa na kitu cha kweli mkononi, ingawa wasimuliaji wakakiongezea mabawa. Waliposema qi ishuke, walikuwa wanamfundisha mtu kuacha kupigana na mwili wake. Nguvu ya ndani, kwa ninavyoielewa leo, ni ile isiyopotelea ndani. Na shimo linaloongezwa kina kidogo kidogo lina hekima yake, kwa kuwa misuli hupata nguvu mapema lakini kano hukawia, na mwenye haraka hujikata. Kifundo changu ni shahidi.

Mwaka 2000 ilitoka filamu ya Ang Lee, Crouching Tiger, Hidden Dragon. Mimi niliitazama nikiwa Zhengzhou, na ile sehemu ya msitu wa mianzi niliirudia mara nyingi. Chow Yun-fat na Zhang Ziyi wanasimama juu ya vilele vya mianzi inayoyumba, mapanga mkononi, majani yakiinama chini yao kama maji. Walipigia picha hizo katika misitu ya Anji, mkoani Zhejiang, wakiwa wamening'inizwa kwa waya ambazo baadaye zilifutwa kwa kompyuta. Kazi ya waya ilisimamiwa na Yuen Woo-ping. Nilipojua hivyo sikuvunjika moyo. Nilianza kuwawaza watu wengine, wale ambao kamera haikuwaonyesha, waliokaza miguu ardhini na kuzishika zile kamba. Ule wepesi wote wa pale juu ulikuwa jasho la walio chini.

Na hapo ndipo nilipomwona baba. Nauli yangu ya kwenda China ilitoka kwenye machungwa. Watu wa Muheza wanaelewa maana ya kuuza machungwa yakiwa bado mtini: mnunuzi anakuja wakati una shida, anapanga bei yake, na msimu ukifika unakaa barazani unatazama malori yakibeba mavuno ambayo si yako tena. Baba aliuza hivyo misimu miwili mfululizo. Mimi nilipanda ndege. Kijiji kizima kilisema mtoto wa fulani ameruka, na mimi mwenyewe niliamini kwamba nimeruka. Mwanafalsafa Zhuangzi alimtaja Liezi, aliyekuwa akisafiri juu ya upepo, kisha akaongeza kwamba hata huyo bado alikuwa na kitu cha kutegemea. Mimi upepo wangu ulikuwa na jina, tena ulikuwa ukivaa kandambili zilizoshonwa kwa waya.

Baba alifariki Januari 2007. Nilipata habari usiku kwa simu ya mjomba, iliyokatika mara mbili. Fedha ya kurudi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi mazishi. Asubuhi nilikwenda bustanini kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Baridi ilikuwa ya kukausha macho. Mzee aliona uso wangu, akauliza, nikamwambia. Hakusema pole, au aliisema kwa namna yao. Alisimama kando yangu, mikono mbele kama siku zote, akanielekeza kwa kidevu nifanye vilevile. Tulisimama. Sijui ni muda gani. Wenye ndege walikuja, wakaondoka. Mwili wangu wote ulikuwa umekaza kama chuma cha nondo. Nilikuwa nimemshikilia baba kwa mabega, kwa taya, kwa ngozi ya kichwa, kana kwamba nikilegeza ataanguka. Mzee aliweka kiganja chake baina ya mabega yangu. Safari hii hakusema song. Alikiacha tu hapo, kizito, chenye joto, na baada ya muda kitu kikashuka kutoka kifuani kikapita tumboni mpaka kwenye nyayo, na machozi yakatoka bila kelele. Nilihisi ardhi. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu nilihisi kwamba nimesimama juu ya kitu.

Sijapata jina la jambo lile kwa lugha ya uhandisi. Nikiambiwa ilikuwa qi, sibishi.

Majira ya kuchipua mwaka huohuo nilikwenda Shaolin, hekalu lililojengwa mwaka 495 katika milima ya Song. Watalii walikuwa wengi, na vijana wenye mavazi ya kijivu walikuwa wakirukaruka uwanjani kwa makofi. Mimi nilikawia katika ukumbi mmoja wa nyuma. Sakafu yake ni ya tofali, na katika tofali hizo mna mabonde 48, yamepangwa kwa safu, kila moja likiwa na upana wa kama bakuli la uji. Wanasema yamechimbwa na miguu ya watawa, kizazi baada ya kizazi, wakikanyaga mahali palepale katika mazoezi. Nilichutama nikapitisha mkono hewani juu ya bonde moja, kwa sababu kugusa hakuruhusiwi. Watu waliokuwa na sifa ya kuruka kuta ndio waliozamisha sakafu yao wenyewe. Nilikumbuka mgomba wa babu.

Niliporudi nyumbani mwaka 2009, nilikuta yale ya kumkuta mtoto wa kwanza. Ada za wadogo zangu watatu, deni la dukani, paa, mgogoro wa mpaka wa shamba. Niliyabeba yote kwa mtindo wangu wa zamani, mabega masikioni. Nikawa mtu wa kujibu watu kwa mkato. Nilisahau kusimama. Miaka kama minne hivi nilikuwa najiona shujaa kwa sababu ya uchovu wangu, na wadogo zangu waliacha kuniomba kitu kwa kuwa kila nilichotoa kilitoka na hotuba. Hilo linanichoma mpaka leo. Mzigo wenyewe haukunishinda. Kilichonichosha, na kuwachosha na wao, ni jinsi nilivyokuwa nimeushika.

Aliyenizindua ni mama. Bomba lilikuwa limekatika wiki nzima, naye alikuwa akitoka kisimani na ndoo ya lita 10 kichwani. Nilikimbia kumpokea. Akanikataza kwa mkono, akapita, akaendelea na habari aliyokuwa akimsimulia jirani. Ndoo haikuwa na mfuniko. Uso wa maji ulikuwa umetulia kama wa maji yaliyo mezani. Kiunoni kwenda chini alikuwa anatembea. Shingoni kwenda juu alikuwa kama amekaa.

Wapo wanasayansi waliowahi kulitazama jambo hilo kwa vipimo. Mwaka 1986 katika jarida la Nature walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Waliwapima hewa wanayotumia wakitembea, bila mzigo na wakiwa na mzigo. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, hewa waliyotumia haikuongezeka. Mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 na mapafu yake hayana habari. Maelezo yalikuja mwaka 1995. Kila hatua ya binadamu ni kupanda kidogo na kushuka kidogo, na ule mshuko hutusukuma mbele. Wengi wetu hupoteza sehemu ya nguvu hiyo njiani. Wanawake wale, wakishabebeshwa, hupoteza kidogo zaidi kuliko wanapotembea mikono mitupu. Mzigo unapangilia hatua zao.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kutafuta siri ya wepesi, nayo ilikuwa ikipita mlangoni kwetu kila alfajiri, na sisi wanaume tuliiita kazi ya wanawake. Hata neno lilikuwa moja. Kata ni kile kifuu chenye mpini ambacho kingechota maji ya mtungi wa Shaolin. Kata pia ni ile kanga iliyoviringishwa juu ya kichwa cha mama, iliyoukalisha mzigo.

Sisemi mama hakuchoka. Amechoka, na magoti yake yanajua. Bomba likitoka maji kila siku nitashukuru kuliko nikimwona mtu anaruka paa.

Mwezi uliopita maji yalikatika tena. Nilimwamkia mama, nikamwambia leo naenda mimi, naomba anifunge kata. Aliviringisha kanga kuukuu mara tatu, akaigandamiza utosini kwangu kwa viganja viwili, palepale ambapo Laoshi alikuwa akisema kuna uzi unaokuvuta juu. Tukaenda pamoja. Kisimani alinitwisha. Hatua ya kwanza maji yalimwagika mgongoni, ya pili yakaingia sikioni, na nikasikia mabega yangu yakipanda kwenda kuisaidia ndoo.

"Iache, mwanangu," alisema nyuma yangu. "Ndoo imeshakaa. Wewe tembea."

Nikateremsha mabega. Nikaachia magoti kidogo, kama pale juu ya mizani. Mbele yetu njia ilishuka kuelekea migombani.